Sababu Namba Nne

Ufunguo huu niliuzaa mwaka wa elfu mbili na tisa,
Tartu, kioo cha dirisha kimeganda, chai imepoa,
mashine ikinisihi niuchezeshe mshale ovyo
ili ipate vurugu ya kutosha.
Nikauchezesha. Ukazaliwa:
herufi na tarakimu arobaini, makundi kumi ya nnenne,
na jina langu la wakati ule likining'inia juu yake
kama lebo kwenye koti la mtoto wa chekechea:
Eneken Raudsik, wa chuo kikuu.

Nikaolewa, nikaongeza jina la pili,
Eneken Vahtramäe, kwa anwani ya nyumbani,
kwenye kikoa alichokinunua mume.
Talaka ilipokuja aligawa vijiko kwa haki.
Kikoa akabaki nacho.

Chuo nacho kimeifunga idara yetu mwezi Juni:
barua tatu za shukrani, shada moja la plastiki.
Wiki jana Hillar wa Valga aliniandikia siri yake,
akaifunga kwa ufunguo wangu, akaituma chuoni,
ikamrudia vilevile, haijafunguliwa.
Akapiga simu, sauti ya mtu aliyebisha hodi
kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa:
"Wewe ni yupi kati ya hawa?"

Usiku huu nimekaa kumjibu.

Ninautoa ufunguo kwenye kopo la sukari, ndimo hulala.
Nywila. Nimekosea. Nywila.
Ongeza kitambulisho: Eneken Sarapik,
jina la bibi mzaa mama, ambaye hakuwa hata na sanduku la posta.
Kiwe cha kwanza. Kimekuwa.
Na zile tarakimu arobaini hazikutikisika hata moja.

Sasa kubatilisha. Mashine inataka sababu:
sifuri, hakuna sababu;
nne, kitambulisho si halali tena.
Moja, mbili na tatu sijui zimekwenda wapi.
Jina la mume nililipa nne bila kupepesa.

Lakini lile la chuo lina saini ya Taavet.

Stesheni ya Tapa, mkahawa wa abiria, supu ya kabichi.
Tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza
na bado alininyooshea mkono: "Pasipoti."
Akaikagua picha, akanikagua mimi,
akazisoma tarakimu zangu kwa sauti, kundi kwa kundi,
mzee wa meza ya pili akidhani tunacheza bingo.
"Haya," akasema, "nimeshuhudia kuwa wewe ni wewe."
Moyo wake ulisimama mwezi Machi, kando ya barabara,
theluji haijaanza kuyeyuka.

Saini haihamishiki. Imeshonwa kwenye jina lile,
si kwenye uso wangu, si kwenye mkono,
na Eneken Sarapik hana shahidi duniani
ila mimi mwenyewe,
na anayejishuhudia nani humsadiki?

Nimesoma maelekezo mara mbili nikitafuta mwanya.
Hamna.
Kuna hili tu: kilichobatilishwa hakifutwi.
Seva hukitunza kikiwa kimekatwa mstari,
na chini ya mstari saini ipo, na tarehe, na saa:
saa nane na dakika kumi mchana,
supu ikiwa bado inatoa mvuke.

Nne.

Mashine ikaomba maelezo, kama ninayo;
nikimaliza, niache mstari mtupu.
Niliandika: Idara imefungwa. Nikafuta.
Niliandika: Anwani imekufa. Nikafuta haraka zaidi.
Nikaandika: Aliyeshuhudia hapa alisema kweli.
Hilo sikulifuta.

Kisha nikauacha ule mstari,
mtupu, kama nilivyoombwa,
na kidole kikakaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.